Trekta Linaishi kwa Spea, Si kwa Chuma cha Zamani

Kila kunakolimwa kwa trekta, kuanzia Kiteto hadi Uasin Gishu, utaisikia kauli ileile: chuma cha zamani ndicho chuma. Trekta la Mwingereza la miaka ya sitini halifi, wanasema, na haya yanayotoka India na Pakistani ni mabati yaliyopakwa rangi. Madalali wanakula kwa kauli hiyo. Massey Ferguson 135 lililochoka hupigwa rangi nyekundu mpya, likabandikwa stika, na mkulima akatoa fedha zake zote kwa sababu ameambiwa hiki ni chuma cha Coventry. Naipinga imani hii bila kumung'unya maneno, kwa kuwa wanaoumizwa nayo ni watu waliouza ng'ombe na kukopa ili wapate mashine ya kulimia.

Tuanze na hilo 135 lenyewe. Lilitoka mwishoni mwa 1964 na likaundwa katika kiwanda cha Banner Lane, Coventry, hadi katikati ya miaka ya 1970. Injini yake ni Perkins AD3.152, silinda 3, lita 2.5, nguvu za farasi kama 45. Ni trekta zuri, hapo hatubishani. Ila litafute lililo hai mpaka leo, umuulize mwenyewe ni nini kimewahi kubadilishwa. Atakwambia injini imeshushwa zaidi ya mara moja, pistoni na silivu ni mpya, krenki imechongwa, pampu ya dizeli imetoka kwenye trekta lingine, rejeta si yake, klachi si yake, stata si yake. Kilichobaki cha kiwandani ni bloku, boksi la gia na nyumba ya ekseli ya nyuma. Sasa hapo sifa ni ya chuma, au ya fundi aliyekuwa akilifungua na muuzaji aliyekuwa na spea kabatini?

Na yale yaliyokufa hatuyahesabu. Yalikatwa kwa gesi, yakapimwa kwa kilo na kuuzwa kama chuma chakavu. Tunayatazama machache yaliyopona, kisha tunatangaza kwamba yote hayafi.

Anayeamini kwamba uzito wa chuma unatosha na aikumbuke Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza huko mpango wake wa karanga kwa matrekta mazito, mengi yakiwa mabaki ya vita. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea vichaka. Kama ni chuma kinene, hakijawahi kuletwa kinene kuliko kile. Lakini spea zilikuwa haba, mafundi walikuwa wachache, madereva walifundishwa harakaharaka, na udongo wa Kongwa ukikauka hauna huruma na jembe. Mashine zikalala moja baada ya nyingine, na mwaka 1951 mpango ukafutwa.

Nirudi kwa hao wanaodharau trekta la Lahore, Pakistani. Kiwanda cha Millat cha Pakistani na kile cha TAFE cha India, vyote vilivyoanza miaka ya 1960, vimeunda Massey Ferguson kwa leseni kwa miongo mingi. MF 240 linaloundwa Lahore lina Perkins AD3.152, yaani injini ileile ya silinda 3 iliyo kwenye 135 unalolisifia. Pistoni wanazofungia mafundi wetu katika 135 za baba zao, kwa sehemu kubwa, zinatoka hukohuko Asia ya Kusini. Kwa maneno mengine, mzee anayeapa kwamba hagusi kitu cha Pakistani huenda analima kila msimu kwa pistoni ya Pakistani.

Wapo watakaosema spea za siku hizi ni feki. Ni kweli, feki zimejaa, na fundi mzuri anaijua beringi mbovu kwa kuizungusha tu mkononi. Lakini feki inaingia kwenye trekta la 1968 sawasawa na inavyoingia kwenye la mwaka jana. Umri wa trekta haukulindi.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki wa majina hawaligusi, nalo ni kwamba urahisi wa kutengeneza hautokani na muundo peke yake. Chukua Ford 5000. Bloku yake haina silivu. Pistoni inatembea ndani ya bloku yenyewe, kwa hiyo ikilika, bloku inapakiwa kwenye gari na kupelekwa mjini penye mashine ya kuchonga. Zetor la kutoka Brno limeundwa kwa namna nyingine kabisa: silivu zake zimezungukwa na maji, fundi anazichomoa na kuingiza mpya papo hapo shambani. Tena tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 Zetor waliunda aina kadhaa za matrekta zinazochangia spea. Kwa muundo, Zetor linalishinda Ford kwa mbali. Lakini ingia kwenye maduka ya spea ya Gerezani au Kirinyaga Road uulize pistoni za Ford 5000, halafu uulize silivu za Zetor. Majibu utakayopewa yana uzito kuliko kitabu chochote cha kiwanda.

Fikiria pia kazi ya klachi kwenye 135. Ni klachi pacha: moja ya mwendo, nyingine ya kuendeshea mashine inayofungwa nyuma. Kuibadilisha kunataka trekta likatwe katikati. Fundi analiwekea magogo na jeki chini ya mwembe, anafungua waya, mabomba na bolti za kuungia, kisha vijana wanasukuma nusu ya mbele taratibu hadi injini iachane na boksi la gia. Ni kazi nzito, lakini mafundi wetu wanaifanya bila karakana kwa sababu wameifanya miaka nenda miaka rudi, na kwa sababu pleti inapatikana. Pleti ikikosekana, nusu mbili zinabaki chini ya mwembe hadi masika yanapita.

Ndiyo maana yaliyotokea Kibaha yananiuma. Pale yaliunganishwa matrekta ya Ursus kutoka Poland, mapya kabisa, kwa mkono wa serikali. Mwaka 2021 kampuni mama ikatangazwa muflisi kwao. Chuma kiwe kizuri au kibaya, tatizo lilikuwa lilelile. Mkulima aliyenunua alifungwa kwenye mnyororo wa spea wenye pingili moja, na pingili hiyo ilikuwa Ulaya.

Kwa hiyo ndugu mkulima, kabla hujalipa, andika majina ya vitu vitatu: klachi pleti, noseli, na sili za pampu ya haidroliki. Nenda nayo kwenye mji ulio karibu nawe, uulize bei na uvione kwa macho. Usipovipata vyote, achana na trekta hilo hata kama limetengenezwa na nani. Ukivipata, ndipo uliangalie lenyewe: fungua kifuniko cha oili uone kama imegeuka rangi ya maziwa, liache lipate moto kisha linyanyue plau, lipandishe mlima uone kama gia inaruka. Rangi na stika mwachie dalali.

Na ninyi mnaoagiza matrekta kwa fedha za umma, msitie saini mkataba wowote usiomlazimisha muuzaji kuweka spea mikoani kwa miaka 10 na kuwafundisha mafundi wa hukohuko. Msimu wa kulima ni wiki chache tu, na mvua haisubiri kontena.