SORI YA STAA: NI POLE AU NISAMEHE?

Staa mmoja wa Bongo kabanwa na skendo ya kumtelekeza mzazi mwenzake, akaibuka Insta na neno moja tu: "Sori." Mashabiki wakafurika, eti kaomba msamaha. Wapi!

Kwa Kiingereza neno hilo linabeba pole na samahani kwa mpigo. Mtu kafiwa, sori. Umemkanyaga, sori. Hujasikia alichosema, sori tena! Kiswahili hakina ujanja huo: ukisema nisamehe, umekiri kosa, ukisema pole, hujakiri kitu. Wajerumani nao wana Entschuldigung, na ndani yake kuna Schuld, yaani hatia.

Mrembo wa watu analea mwenyewe, hajui kapewa pole au kaombwa radhi. Jamaa miaka yote anaimba Kiswahili, kwenye kosa ndo kakumbuka kizungu!