Kitabu cha Mtoto si Sadaka ya Mkubwa



Tumechoka kupiga makofi. Mkubwa anashuka garini, anakabidhi katoni tatu za vitabu mbele ya kamera, nasi tunamwimbia kana kwamba amevinunua kwa jasho lake. Na tuulize bila woga: fedha za vitabu hutoka wapi, na huishia wapi?

Mwaka 1988 serikali ilituletea sera ya kugawana gharama. Mzazi akabebeshwa mzigo wa kitabu, na mtoto wa maskini akabaki akichungulia cha mwenzake. Mwaka 2003, baada ya kura zetu kuing'oa KANU, elimu ya msingi ilifanywa bure. Kila mwanafunzi alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka, na 650 kati ya hizo zilikuwa za vitabu na vifaa vya kufundishia. Ziliingia katika akaunti maalumu ya shule, na kamati ya walimu na wazazi ikachagua vitabu. Ulikuwa uhuru mdogo, lakini uhuru wa kweli.

Uhuru huo ulihujumiwa. Mwaka 2009 ilifichuka kwamba fedha za elimu ya bure zilikuwa zimeibwa. Uingereza na Marekani zikasitisha misaada yao. Aliyeadhibiwa ni mtoto. Kisha mwaka 2018 serikali ilianza kununua vitabu yenyewe na kuwaagiza wachapishaji kuvifikisha shuleni. Hatukatai kwamba vitabu viliongezeka. Lakini mwalimu asiyeulizwa anachohitaji hupelekewa alichonacho tayari. Ikiwa wezi walikuwa juu na chini, mbona walionyang'anywa sauti ni wa chini peke yao?

Msaada wa mgeni hukatika. Harambee humkamua yule yule aliyekwisha kulipa kodi. Chemchemi ya haki ni moja, nayo ni Hazina ya Taifa, tunayoijaza sisi kila tununuapo sabuni. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Elimu bila kitabu ni bure ya namna gani?

Nanyi waumini, msiseme haya ni ya wanasiasa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imewapa wazazi viti sita na wadhamini viti vitatu katika bodi ya shule ya umma, na makanisa mengi ni wadhamini. Viti hivyo si vya kunywea chai. Mwakilishi wetu aulize: vimeletwa vitabu vingapi? Vingapi vimo mikononi mwa watoto, na vingapi vimefungiwa stoo? Hesabu zibandikwe ukutani, kila mzazi azisome. Wakikataa, Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Na mwakilishi akinyamaza, tumtafute mwingine.

Hatukudai vyama vingi mwaka 1991 ili tuwe washangiliaji wa mali yetu wenyewe. Anayetuletea kilicho chetu hatumpigii magoti. Tunamdai risiti.