Uyoga Hauna Kipimo cha Jikoni

Mvua zikishaanza Bujumbura, mnamo Septemba na Oktoba, uyoga hurudi, na maneno hurudi nao. Kila nyumba ya Buyenzi au Kanyosha ina njia yake ya kuutambua ulio salama, na kila njia ina shahidi wake: fulani alifanya hivi, akala, na mpaka leo yu mzima. Nazichukua hapa kauli zinazosemwa sana, moja baada ya nyingine, kwa sababu baadhi yake zinaweza kuua watu. Siuchukii uyoga wa porini. Nimeulia ugali tangu utotoni na ningependa wajukuu nao waule. Ndiyo maana haya yananikera.

Tuanze na kitunguu saumu. Husemwa kwamba ukikitia chunguni pamoja na uyoga wenye sumu kitageuka cheusi. Wengine hutumia sarafu, wengine kijiko cha fedha, wengine punje za mchele. Hili halihitaji maneno mengi. Fedha huingia weusi ikikutana na salfa, ndiyo sababu hata yai la kuchemsha huukoleza weusi kijiko, na yai halina sumu. Sumu kali kuliko zote za uyoga, iitwayo amatoksini, haigusi fedha, saumu wala mchele. Chungu kinachotosha kuua kaya nzima kinaweza kukurudishia kitunguu kikiwa cheupe vilevile.

"Uyoga mbaya hujitangaza: una rangi kali, unanuka, ni mchungu." Nendeni Rumonge, kilomita zipatazo 70 kusini mwa jiji kwa barabara ya kando ya ziwa, mkaangalie kinachookotwa kwenye misitu ya miombo iliyobaki kule. Uyoga wa jamii ya Cantharellus ni wa njano, mwingine mwekundu kabisa, na ni kitoweo kizuri. Sasa linganisheni na Amanita phalloides, uyoga unaotajwa kuliko wote duniani kwa kuua watu. Ukiwa mchanga una rangi ya kijani kilichopauka au njano hafifu, umetulia, hauna harufu ya kumfukuza mtu. Walionusurika waliwaambia madaktari kwamba ulikuwa mtamu. Ulimi haukuwekwa kutambua amatoksini.

Wanyama nao huitwa kutoa ushahidi. Konokono ameula, mbuzi ameula, una funza, basi hata mtu anaweza kuula. Lakini konokono huitafuna Amanita bila madhara, na sungura huvumilia kiasi ambacho mtu hakivumilii. Wapo hata inzi wadogo wa jamii ya Drosophila wanaotaga mayai ndani ya uyoga wenye amatoksini, na funza wao hunenepa humo. Ini la mtu halifanyi kazi kama mwili wa funza. Tundu la mdudu kwenye kofia linatuambia tu kwamba mdudu alipita.

Kauli inayofuata ndiyo inayonipa taabu kubwa, kwa kuwa ndani yake mna ukweli: "Chemsha vizuri, mwaga maji ya kwanza, sumu itatoka." Ni kweli kwamba baadhi ya uyoga wetu hutaka kuchemshwa kwanza. Ipo aina ya jamii ya Lactarius, ile inayotoa utomvu kama maziwa ikivunjwa, ambayo ni kali mdomoni, na maji yakimwagwa ukali hupungua. Zipo pia sumu ambazo moto huziharibu. Mpishi anayejua kwamba aina hii hasa hutendewa hivi ana elimu ya haki. Kosa huanza pale desturi ya aina moja inapofanywa dawa ya aina zote. Amatoksini haiharibiwi na maji yanayochemka, wala kukaangwa, wala kukaushwa juani, wala kugandishwa kwenye friji. Kiasi kinachokadiriwa kuua ni takriban miligramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili, maana yake mtu wa kilo 60 hutosheka na miligramu 6, na uyoga mmoja mkubwa unaweza kubeba zaidi ya hizo. Ikishaingia mwilini huenda kwenye ini na kuzizuia seli zisitengeneze protini, na seli isiyotengeneza protini hufa. Mchuzi uliomwagwa hauondoi hilo.

Nasikia pia: "Ulioota kwenye kichuguu hauna sumu." Hapa nakubali nusu. Jamii ya Termitomyces, uyoga wa mchwa, haijulikani kuwa na aina yenye sumu. Mchwa wenyewe huulima chini ya ardhi wakiulisha majani na vijiti walivyotafuna, na mvua zikija uyoga hupanda juu. Aina moja ya Zambia iliyoelezwa na wataalamu mwaka 1980, Termitomyces titanicus, hufikisha kofia ya upana wa karibu mita moja. Jamii hii ni neema ya bara letu na ya Asia.

Nusu ninayoikataa ni neno "kwenye". Kuota karibu na kichuguu hakutoshi. Uchimbeni mmoja mtaona. Msiung'oe kwa kuuvuta kofia. Pitisheni kisu au kijiti pembeni ya shina mkifuata chini taratibu. Shina la aina nyingi kubwa za Termitomyces haliishii usawa wa udongo. Huendelea kama mzizi mmoja, likisinyaa na kuwa jeusi kwa nje, mpaka kwenye chumba cha mchwa. Juu, katikati ya kofia, pana kinundu kigumu, kile kilichotoboa udongo. Sasa chukueni Chlorophyllum molybdites, ambao huota kwenye nyasi katika nchi za joto duniani kote, kwenye viwanja na bustani za mijini. Kwa mbali ni kofia ileile nyeupe yenye vigamba vya kahawia. Ukichimba, shina linaishia papo hapo kwa kivimbe, hakuna mzizi. Lina pete unayoweza kuisogeza juu na chini kwa kidole. Atakayeula atatapika na kuharisha ndani ya saa moja hadi tatu, na mtoto mdogo anaweza kuishiwa maji mpaka kulazwa.

Kipo kipimo kinachowatenganisha hao wawili, na hakitaki maabara. Kata shina, laza kofia juu ya karatasi nyeupe, ifunike kwa bakuli, iache usiku kucha. Asubuhi utakuta vumbi la mbegu limechora umbo la zile karatasi nyembamba za chini ya kofia. La Termitomyces lina wekundu hafifu. La Chlorophyllum molybdites ni la kijani. La Amanita ni jeupe, na hapo ndipo mtu ajue mipaka ya kipimo hiki, kwa maana uyoga mwingi unaoliwa nao hutoa vumbi jeupe. Vumbi linaweza kukukataza kula. Peke yake haliwezi kukuruhusu.

Aina chache ndogo, kama Termitomyces microcarpus unaotapakaa kwa mamia, hazina mzizi mrefu. Anayezijua atazijua kwa mengine.

Twende kwa wazee. "Bibi zetu walikula miaka yote na hawakusoma kitabu." Ni kweli, na sitaki mtu anifanye nibishane na bibi. Mtaalamu Bart Buyck alipochapisha mwaka 1994 kitabu chake Ubwoba kuhusu uyoga unaoliwa wa magharibi mwa Burundi, alikuwa akiandika elimu ambayo watu wa huku walikuwa nayo tayari. Mwaka 2016 mtafiti wetu Benoît Nzigidahera, pamoja na Jérôme Degreef wa Bustani ya Mimea ya Meise nchini Ubelgiji na wenzao, walionyesha jinsi uyoga wa porini ulivyo hazina ya chakula Burundi na Rwanda. Elimu hiyo ni sahihi. Mama wa Rumonge anayeokota chini ya miti ya Brachystegia kila msimu anazijua aina zake kama anavyowajua watoto wa jirani: kwa jina, kwa mti, kwa mwezi.

Tena anajua jambo ambalo vitabu vya Ulaya vingemkosesha. Vitabu hivyo humwambia anayeanza aepuke kila uyoga wenye pete shingoni na kifuko chini ya shina, kwa kuwa ndizo alama za Amanita. Kwenye miombo, kuanzia Tanzania hadi Zambia, baadhi ya uyoga unaopendwa mno ni Amanita, wenye pete na kifuko vyote viwili, mathalani Amanita zambiana. Yule mama hutenganisha ndugu na ndugu pale ambapo mgeni angewakimbia wote.

Lakini elimu yake ni ya msitu ule. Haisafiri na mjukuu aliyezaliwa Bujumbura, aliyeona uyoga huo ukiwa umeshakatwa kwenye beseni sokoni, bila kifuko wala udongo, kisha akakutana na unaofanana nao kwenye nyasi za mtaa. Haihami kutoka miombo kwenda mashamba ya mikaratusi na misonobari, ambako miti ya kigeni huja na uyoga wake. Afrika Kusini, Amanita phalloides iliingia pamoja na mialoni ya Ulaya.

Kwa ndugu zetu waliohamia Ulaya, hili ni la uzima na mauti. Mwaka 2021, karibu na Warsaw nchini Poland, familia iliyotoka Afghanistan ilipika supu ya uyoga uliookotwa msituni, na ndugu wawili wa miaka 5 na 6 wakafa. Mwaka 2015 wakimbizi wengi kutoka Syria walilazwa Ujerumani kwa sababu hiyohiyo, mpaka hospitali ya chuo kikuu cha tiba cha Hannover ikabandika mabango ya kuonya kwa lugha kadhaa. Mrundi anayetembea kwenye msitu wa mialoni wa Ubelgiji na kudhani ameona uyoga wa mchwa ashike moja tu: mchwa wanaolima uyoga hawaishi Ulaya. Alichokiona ni kitu kingine, hata kifanane vipi.

"Mimi nimeula huu huu mara nyingi, haujanidhuru." Julius Schäffer, Mjerumani aliyefanya kazi ya kuchunguza uyoga, alikula Paxillus involutus uliokuwa ukiliwa sana wakati huo Ulaya. Mwaka 1944 ukamuua. Uyoga ule huuzoesha mwili kuuchukia kidogokidogo, mpaka siku moja kinga ya mwili inageuka na kuvunja chembe za damu. Nao huko Japani, mwaka 2004, uyoga mweupe wa kwenye magogo uitwao Pleurocybella porrigens, unaoliwa kwa vizazi, ulihusishwa na vifo vya watu 17, wengi wao wakiwa wagonjwa wa figo. Mfano huo unajibu pia kauli kwamba uyoga wa kwenye miti iliyooza ni salama wote.

Kuhusu simu: programu inayotambua uyoga kwa picha haioni chini ya udongo, hainusi, haijui mti uliosimama juu yake, na imefundishwa zaidi kwa picha za Ulaya na Marekani. Itumike kujifunzia majina, isiamue cha kupika.

Wapo wanaosikia haya yote wakahitimisha: "Basi tuache, tule wa kulimwa tu." Asiye na wa kumfundisha afanye hivyo, uyoga wa shambani kama Pleurotus ni chakula kizuri. Ila kulifanya hilo kuwa agizo kwa kila mtu ni kosa. Uyoga mwingi wa miombo huishi kwa kushikana na mizizi ya miti hai, na haujapatikana wa kulimwa bandani. Kwa mama wa Rumonge ni chakula na ni fedha ya msimu ambao ghala limepungua. Anayetaka kuanza aende naye msituni, ajifunze aina moja, aione ikiwa changa na ikiwa kuukuu, aichimbe nzima, na asiichanganye na nyingine kapuni. Msimu mwingine ajifunze ya pili.

Zimebaki kauli mbili, nazo husemwa usiku mgonjwa akiwa tayari amelala. Ya kwanza: "Mpe maziwa." Maziwa, mafuta ya mawese na mayai mabichi havizuii amatoksini. Ya pili: "Ametapika, amepata nafuu, tusubiri." Sumu za haraka huanza ndani ya saa chache. Amatoksini hukaa kimya saa 6 hadi 24, ndipo tumbo lianze. Kisha, baada ya siku moja hivi, kuharisha hupungua, mgonjwa huomba uji, na watu humshukuru Mungu. Siku hiyohiyo ini linaharibika. Kati ya siku ya tatu na ya tano macho hugeuka manjano, na hapo huko Ulaya wangeanza kuzungumzia kupandikiza ini, jambo ambalo hospitali zetu hazilifanyi. Kinachowezekana hapa, maji ya mshipa na mkaa wa dawa, hufaa mgonjwa akiwahi.

Kwa hiyo aliyeanza kutapika muda mrefu baada ya kula apelekwe hospitali ya Prince Régent Charles au ya Kamenge usiku huohuo, hata kama anasema anajisikia vizuri. Muuguzi aambiwe saa waliyokula na saa tumbo lilipoanza. Maganda, mashina yaliyotupwa jalalani na mabaki ya chunguni yafungwe kwenye karatasi yaende pamoja naye. Na kila aliyekula kutoka chungu kile aende pia, hata asiyeumwa kitu, watoto wakitangulia.