Jiko Nalo ni Darasa



Katika mkutano mmoja wa walimu wa lugha hapa Uganda, niliwasimulia wenzangu jinsi nilivyotumia asubuhi moja ya safari yangu ya Japani kujifunza upishi wa nyumbani kwa mama mmoja mzee wa mji wa Kyoto. Mwenzetu mmoja akacheka, akasema: "Mwalimu mzima avuka bahari kwenda kukoroga mchuzi! Sisi kazi yetu ni sarufi. Mambo ya jikoni tuwaachie akina mama." Wengi wakacheka naye. Siku ile sikumjibu. Namjibu leo, kwa sababu kicheko kile ndicho kinachokausha Kiswahili katika madarasa yetu.

Nianze na niliyoyaona. Mama yule alichukua mwani mkavu uitwao kombu, akauloweka katika maji baridi, akaupasha moto polepole na kuutoa kabla maji hayajachemka. Kisha akatia vipande vyembamba, mithili ya maranda ya seremala, vya samaki aliyekaushwa aitwaye katsuobushi, halafu akachuja. Supu hiyo huitwa dashi, nayo ni msingi wa mapishi yao mengi. Supu ya kwanza ina jina lake. Mwani na samaki wale wakichemshwa tena hutoa supu ya pili, yenye jina lake na kazi yake. Mpishi yeyote wa Unguja au Mombasa angesema papo hapo: hili ni tui la kwanza, na lile ni tui la pili. Katika mwani huo huo, mwaka 1908, mtaalamu wa kemia Kikunae Ikeda alipata asili ya ladha aliyoiita umami, na leo neno hilo hutumika katika lugha nyingi za dunia. Neno hilo lilitoka katika sufuria ya supu.

Lililonigusa zaidi kama mwalimu ni hili. Wajapani wana safu ya silabi isemayo sa, shi, su, se, so, ambayo mtoto huijifunza anapoanza kusoma. Safu hiyo hiyo humkumbusha mpishi utaratibu wa kutia viungo: sa ni sato, yaani sukari, shi ni shio, chumvi, su ni siki, se ni shoyu, mchuzi wa soya, kwa tahajia yake ya zamani, so ni miso, kwa silabi yake ya mwisho. Sukari hutangulia kwa kuwa hukawia kupenya chakulani. Miso huja mwisho kwa kuwa ikichemka mno hupoteza harufu yake. Hapo alfabeti na chungu vimefungwa kwa kamba moja. Ni nani kati yetu aliyewahi kutunga somo zuri kama hilo?

Sidai kwamba asubuhi moja yatosha kuwajua Wajapani. La hasha! Wapo wasafiri wanaotaka wafinyangishwe matonge ya sushi, wapigwe picha, kisha warudi kwao wakijiita wajuzi. Hao hujidanganya, kwani sushi ya kufinyanga kwa mkono ni kazi ya mafundi wa dukani waliojifunza kwa miaka. Chakula cha kila siku cha nyumbani ni wali, supu ya miso, samaki wa kuchoma na mboga za kutokosa. Atakaye picha atapata picha. Lakini atakaye lugha na akae karibu na moto, asikilize vitenzi.

Sasa turudi kwetu. Mwanafunzi wetu hukariri methali "Jifya moja haliinjiki chungu", akaandika maana yake katika mtihani, akapata alama. Mwulize jifya ni nini, atanyamaza. Mwulize kuinjika ni kufanya nini, atabahatisha. Hukariri "Siri ya mtungi aijuaye kata" bila kuijua kata, na "Jungu kuu halikosi ukoko" bila kuambiwa kwamba ukoko ni kile chakula alichokikwangua jana chini ya sufuria ya mama yake. Kwake mapishi yote ni kitenzi kimoja: kupika. Kuteleka na kuepua, kutokosa na kukaanga, kubanika na kuoka, kuunga mchuzi na kusonga ugali, kupepeta na kukoboa, yote hayo tumemnyima. Mtoto wa Buganda ambaye nyanya yake hufunga ndizi kwa majani ya mgomba na kuzipika kwa mvuke, ana utajiri wa maneno hayo katika lugha yake. Anapoingia katika somo letu huwa maskini, na umaskini huo sisi ndio tuliompa.

Baadhi yetu hutamka "Kiswahili cha jikoni" kama tusi. Na tukumbuke tusi hilo lilitoka wapi. Katika nyumba za walowezi wa Kenya, bwana alimwamuru mpishi wake kwa maneno yasiyo na upatanisho wala adabu. Kosa lilikuwa la bwana. Jiko halikukosa neno! Hapa Uganda nako Kiswahili kimebeba kwa miaka mingi sifa ya kuwa lugha ya kambini, lugha ya amri na vitisho. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliafiki kifundishwe kwa lazima shuleni. Hayo ni mema. Lakini sheria haiwezi kumfanya mzazi aipende lugha aliyoisikia ikifokewa kizuizini. Mzazi huyo ataanza kuipenda siku atakapomsikia mwanawe akisema, "Mama, nikusaidie kuepua chungu?"

Nitaambiwa kwamba hatuna vyombo, na kwamba darasa lina watoto wengi. Jiko moja la makaa, sufuria moja ya maharagwe na mwiko mmoja vyatosha kufundisha vitenzi kumi kwa saa moja, na kila kitenzi kikaonekana kwa macho. Nitaambiwa kwamba mvulana hafai kushika mwiko. Japani somo la maarifa ya nyumbani limekuwa la lazima kwa wavulana na wasichana pamoja katika shule za sekondari za chini tangu 1993, na za juu tangu 1994. Sijasikia kwamba wanaume wao wamepungukiwa na kitu.

Kwa hiyo napendekeza kila tawi la chama chetu lifanye somo moja la jikoni katika kila muhula, likaandike maneno yatakayotumika, na kuyaleta yachapishwe katika jarida hili. Na yule mwenzetu aliyecheka, namkaribisha nyumbani kwangu. Nitamkabidhi mbuzi, nazi na kifumbu. Akiweza kunitajia kila kitu kwa jina lake tangu kukuna hadi kuchuja, nitamwomba radhi mbele ya mkutano. Akishindwa, na akae tuanze somo.