Madaktari waandike kwanza, wazungumze baadaye

Hebu fikiria kwamba baba yako amelazwa hospitalini. Ana uvimbe tumboni na moyo wake ni dhaifu. Huenda upasuaji ukamponya, huenda ukammaliza. Madaktari wanne na muuguzi mmoja wanaketi kushauriana. Daktari mkuu anatangulia: "Mimi naona apasuliwe." Wenzake wanaitikia. Muuguzi, ambaye amemwona mzee akihema kwa shida usiku kucha, ananyamaza. Nani atampinga mkubwa wake? Baadaye unaambiwa kuwa wote wamekubaliana.

Je, kweli wamekubaliana? Kwa maoni yangu, hapana. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mkutano ambao mmoja husema na wengine huitikia bado ni kidole kimoja.

Dawa ya jambo hili ipo, nayo ni hesabu nyepesi. Katika miaka ya 1950, wataalamu wa shirika la RAND huko Marekani walibuni mtindo uitwao Delphi. Kila mtaalamu huandika makadirio yake peke yake, bila jina lake kutajwa. Kisha huonyeshwa majibu ya wenzake na sababu zao, halafu huulizwa tena.

Katika miaka ya 1980, RAND na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitumia mtindo wa aina hiyo kuamua ni wagonjwa gani wanaofaa kupewa matibabu fulani. Kila daktari hutoa alama kati ya 1 na 9. Alama 1 hadi 3 maana yake madhara yanazidi faida. Alama 7 hadi 9, faida inazidi madhara. Zilizo katikati, hakuna hakika. Baadaye hukutana, hujadili walipotofautiana, na kila mmoja hutoa alama upya.

Yafaa nasi tuulete mtindo huu karibu na kitanda cha mgonjwa. Tuseme wale watano wangeandika kabla ya mkuu kufungua mdomo, na alama zao zikawa 8, 8, 7, 7 na 2. Alama ya katikati ni 7, yaani apasuliwe. Lakini ile 2 haifai kutupwa. Aliyeiandika aulizwe sababu. Hapo ndipo habari ya kuhema usiku inapojulikana. Wanaandika tena: 6, 5, 5, 4 na 2. Sasa ya katikati ni 5. Jibu la kweli ni kwamba hawana hakika, na mzee apimwe moyo kwanza.

Ikumbukwe kuwa hesabu haifanyi miujiza. Ikiwa wote watano wana habari moja yenye makosa, watakubaliana juu ya kosa. Pia kuna wakati ambapo hakuna nafasi ya karatasi: mama anayevuja damu baada ya kujifungua anahitaji kuhudumiwa papo hapo. Lakini pale ambapo kuna saa moja ya kufikiri, hakuna sababu ya kuipoteza kwa kuitikia.

Nyumbani nako ni vivyo hivyo. Jamaa wanapokusanyika kuamua kama mgonjwa atapelekwa kupasuliwa, mjomba mkubwa husema na kikao kinakwisha. Binti anayemlisha na kumwogesha mgonjwa haulizwi. Kabla ya wazee kunena, kila mmoja apewe kipande cha karatasi.

Na daktari akikwambia kuwa wote wamekubaliana, muulize kwa heshima: "Je, kila mmoja alitoa maoni yake kabla ya kusikia ya mkubwa?" Usione haya kuuliza. Mgonjwa ni wako.