Shukrani Isigeuke Rushwa

Vijana waliohitimu uuguzi, wakiwamo wa Kolandoto mkoani Shinyanga na wa Bugando jijini Mwanza, hufika mbele ya majopo ya usaili wakitafuta kazi katika zahanati, vituo vya afya na hospitali. Wengine huvuka ziwa kutoka Ukerewe, Kome na Izumacheli kuja kusailiwa Geita au Shinyanga. Wakishatoka chumbani hubaki na swali: ni ipi njia njema ya kuwashukuru waliowasikiliza?

Kushukuru ni wajibu. Msukuma husema “wabeja” hata kwa kikombe cha maji, na imepokewa katika mafundisho ya Kiislamu kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Basi barua fupi yenye adabu si kujipendekeza. Iwe jopo ni la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, la halmashauri au la hospitali ya dini, barua ipelekwe ofisini, wala si nyumbani kwa mjumbe. Itaje nafasi iliyoombwa na tarehe ya usaili, itoe shukrani, ieleze utayari wa kutumika popote, kisha iishe. Isiulize alama, wala isitaje jina la mkubwa yeyote.

Lakini wako wanaowanong’oneza vijana kwamba maneno matupu hayavunji mfupa. Ndipo hupelekwa gunia la mchele, kapu la sato, bahasha, na katika ukanda huu wa machimbo hata punje ya dhahabu, kwa jina la “asante”. Hiyo si asante. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haikutazama kishawishi kinachotangulia peke yake. Imetazama pia malipo yanayofuata, na humbana mtoaji pamoja na mpokeaji. Kabla ya sheria hiyo, ahadi za mwanachama wa TANU zilikwisha kukataza kutoa na kupokea rushwa. Na zamani zaidi, Mtume Muhammad (S.A.W.) alimkemea mkusanyaji wa zaka aliyetenga fungu moja akidai ni zawadi yake. Alihoji: lau angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi hiyo ingemfikia? Kila mjumbe wa jopo hana budi kujiuliza swali hilo.

Anayeumia mwishoni ni mgonjwa. Muuguzi aliyeingia wodini kwa bahasha atataka fedha yake irudi, na mama mjamzito aliyevushwa ziwa usiku ndiye atakayeilipa. Naye mkubwa aliyekwisha kula sato, atapata wapi kinywa cha kumkemea?

Maafisa nao wana wajibu. Matokeo yakicheleweshwa bila maelezo, mwombaji hutapatapa na madalali hupata soko. Kwa hiyo yatangazwe kwa wakati, waliokosa wajulishwe, na zawadi yoyote irudishwe mbele ya mashahidi.

Ndugu zetu wa visiwani na wa bara, tuwafunze vijana wetu kuandika barua ya shukrani, wapate kazi au wakose. Kapu la sato libaki nyumbani, liwe kitoweo cha watoto.