IMANI BILA UTIIFU NI DEBE TUPU

Waliosema debe tupu haliachi kuvuma hawakukosea. Shuleni petu yamo madebe mengi, na mimi ninayeandika makala haya nilikuwa mojawapo. Nataka kutoa maoni yangu kuhusu jambo linalotugusa sisi vijana Wakristo: hivi imani ya mtu hukua vipi? Wengi wetu hudhani hukua kwa kuimba sana, kuomba kwa sauti kubwa na kutoa machozi. Mimi naona vingine. Imani hukua kwa utiifu mdogo mdogo wa kila siku, ule usiopigiwa makofi na mtu yeyote.

Hebu nianze na hali ilivyo. Kila muhula Chama cha Wakristo, ambacho sote twakiita CU, huandaa wikendi chalenji. Mhubiri hualikwa, kinanda huletwa, na ikifika Jumapili alasiri ukumbi mzima unalia. Wanaotaka kuokoka huitwa mbele. Mimi nimepita mbele mara tatu: nikiwa kidato cha kwanza, kidato cha pili na tena mwaka huu. Nililia kweli, sikuigiza. Lakini Jumatatu ikifika, yule yule aliyelia ndiye anayenakili hesabu za mwenzake kabla kengele haijagongwa. Ndiye huyo huyo anayemcheka mtoto wa kidato cha kwanza kwa sababu ya viatu vyake. Jumatano ikifika, yote yamekwisha. Huo ni moto wa makuti: huwaka kwa vishindo, lakini hauivishi maharagwe.

Sasa nitasema jambo ambalo si rahisi kulisema. Muhula wa kwanza nilichaguliwa kuwa mweka hazina wa CU. Sadaka yetu ya Ijumaa huwekwa katika mkebe wa majani chai uliotobolewa kifuniko, na mkebe huo nilikuwa nakaa nao mimi. Shule yetu ni ya kutwa. Mama hunipa shilingi 30 za matatu ya asubuhi, na jioni hurudi kwa miguu, mwendo wa saa nzima. Basi mwezi wa Mei mvua za masika zilinyesha kama zilizotumwa. Jioni moja nikatazama mawingu, nikatazama mkebe, nikajiambia, "Nitarudisha kesho." Nikatoa shilingi 30. Kesho ikaja, sikurudisha. Mvua nayo ikarudi. Nilifanya hivyo mara tisa, na siku moja nikaongeza shilingi 50 za kununua kalamu na daftari. Piga hesabu mwenyewe: shilingi 320. Na Ijumaa zote hizo nilikuwa nikisimama mbele ya wenzangu kuongoza maombi.

Mwezi wa Juni mwenzetu mmoja alifiwa na babake. CU ikaamua kwenda kumfariji, na tukafungua mkebe ili tununue unga, sukari na mafuta. Pesa hazikutosha. Tukaenda na unga pakiti mbili na sukari kilo moja, mafuta tukayaacha dukani. Njiani mmoja wetu akasema, "Siku hizi watu hawatoi sadaka, bwana." Wote wakakubali. Mimi nikainamisha kichwa kama ninayetazama njia. Tulipofika, nani aliombwa kuomba katika nyumba ile ya matanga? Ni mimi. Niliomba maombi marefu na ya kupendeza, na mama mfiwa akanishika mkono kunishukuru. Mkono ule hadi leo nausikia.

Mtu angedhani siku hiyo ndiyo niliyotubu. Wapi! Nilirudi nyumbani nikalala.

Kilichonigutua ni shilingi 20. Mama yangu huuza mahamri na mbaazi asubuhi, karibu na barabara. Hawezi kuhubiri hata dakika mbili, na akiombwa kutoa ushuhuda kanisani husema tu, "Bwana asifiwe, nashukuru nimeamka." Mwisho. Jumamosi moja alipokuwa akihesabu mauzo, aligundua kuwa alimpunguzia mteja chenji. Alikuwa mwashi anayejenga huko juu ya kilima. Saa sita hiyo, jua la kupasua mawe. Mama akajifunga leso, akaniambia nimshikie meza.

Nikamwambia, "Mama, si shilingi ishirini tu? Kesho kutwa atakuja kunywa chai."

Akanijibu, "Ni kweli atakuja, mwanangu. Lakini leo pia si zangu."

Akaondoka. Alirudi baada ya karibu saa moja, jasho likimtiririka, akanawa uso, akaendelea kuosha sufuria. Hakusema neno lolote kuhusu alikotoka, wala jioni hakulitaja katika maombi. Mimi niliyekuwa na shilingi 320 za watu nilikaa pale kwenye meza nikaona aibu ambayo hakuna mhubiri aliyewahi kunitia. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mama amekua katika imani na mimi nimekua katika kelele.

Jumatatu nilikwenda kwa mwalimu mlezi wa CU. Nilipita mlango wa majilisi mara mbili kabla ya kubisha. Nilipomaliza kueleza, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nashukuru kwamba umekuja mwenyewe. Pesa utazirudisha. Na mkebe utampa mwenzako." Nililia, na safari hii hapakuwa na kinanda. Ijumaa iliyofuata niliwaambia wanachama wote. Wengine walinisamehe papo hapo. Rafiki niliyekuwa nikikaa naye dawati moja aliniuliza swali moja tu: "Hata siku ile ya matanga ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Alihama dawati na bado hajarudi. Simlaumu.

Msomaji, sisimulii haya ili unihurumie. Nataka tujiulize: kwa nini kulia mara tatu ukumbini hakukunibadilisha, na kubisha mlango mmoja kukanibadilisha? Jibu langu ni kwamba imani ni kama kuogelea. Waweza kukaa ufuoni mwaka mzima ukisimuliwa jinsi ya kutupa mikono, lakini utajua siku ile utakapoingia majini. Nilikuwa nikisema namwamini Mungu kwamba atanitunza, lakini mvua kidogo tu ikanifanya niibe. Nilipotii na kukubali kuaibika, ndipo nilipoona kwamba kumbe Mungu anatosha hata katika aibu. Sikulijua hilo mpaka nilipolitenda.

Najua wapo watakaonipinga. Mwenyekiti wetu wa zamani aliniambia, "Wewe sasa unafundisha kwamba mtu huokolewa kwa matendo. Wokovu ni kwa neema." Hoja hiyo ni nzito na sitaki kuikwepa. Ni kweli, Mtume Paulo katika Waraka kwa Waefeso, mlango wa pili, asema tumeokolewa kwa neema wala si kwa matendo yetu, mtu asije akajisifu. Lakini wengi wetu tukifika hapo hufunga Biblia. Tukisoma mstari unaofuata, twaona kwamba Mungu alituumba upya ili tutende mema aliyoyatayarisha. Naye Yakobo asema waziwazi kwamba imani isiyo na matendo imekufa. Hawa wawili hawagombani. Mwembe hauwi mwembe kwa sababu umezaa maembe. Huzaa maembe kwa sababu ni mwembe. Lakini ukikaa miaka na miaka bila kuzaa hata moja, mwenye shamba ana haki ya kuuliza kulikoni.

Isitoshe, Bwana Yesu mwenyewe alitoa mfano wa wana wawili walioambiwa na baba yao waende shambani. Mmoja alikataa, kisha akajuta akaenda. Wa pili aliitika vizuri kwa heshima, lakini hakwenda. Alipouliza ni yupi aliyetimiza mapenzi ya baba, hata wapinzani wake walijua jibu. Sisi wa CU ni hodari wa kuitika. Naye Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, alipompokea Yesu hakuanza kwa kuimba. Alisema atawapa maskini nusu ya mali yake, na aliowadhulumu atawarudishia mara nne. Wokovu uliingia nyumbani mwake pamoja na hesabu ya madeni.

Huku kwetu Pwani tuna mfano mwingine, na yafaa sisi wapenzi wa Kiswahili tuukumbuke. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Wengi wetu twamjua kwa kamusi yake ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka wa 1882, baada ya kufa kwake. Lakini mimi humfikiria zaidi mwenzake, Johannes Rebmann, aliyejiunga naye mwaka wa 1846 wakaanzisha kituo cha misheni Rabai. Mwaka wa 1848 Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake, na alipoandika habari hizo, baadhi ya wataalamu wa Ulaya hawakumsadiki. Krapf alirudi Ulaya kwa ajili ya afya yake, lakini Rebmann alibaki hadi mwaka wa 1875. Hiyo ni miaka 29. Waliobatizwa walikuwa wachache mno. Yeye alifundisha, akakusanya maneno ya lugha za huku, na kamusi yake ya Kinyasa ilichapishwa mwaka wa 1877, baada ya kufa kwake. Aliondoka akiwa kipofu, akafa mwaka uliofuata. Hakuwa na ukumbi uliojaa watu wanaolia. Alikuwa na kazi ya leo, na kesho yake kazi ya kesho. Sisemi alikuwa malaika, lakini je, sisi tunaochoka baada ya siku tatu twaweza kumcheka?

Tena kuna wale ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Rwanda na kufika Kenya mwaka wa 1937. Wazee husimulia kwamba alama moja ya watu hao ilikuwa hii: mtu akiokoka, alirudisha alichoiba. Jembe lilirudi, pesa zilirudi. Jirani asiyejua lolote kuhusu mahubiri alijua kuna jambo limetokea kwa sababu aliliona jembe lake mlangoni.

Je, tufanye nini? Nina mapendekezo manne, na sitaki mtu ayachukue kama amri.

Kwanza, tusomapo Neno asubuhi tusiulize tu "limenibariki vipi?" bali "leo litanifanya nitende nini?" Tendo moja latosha. Kama ni kumsamehe mtu, msamehe kabla ya kengele ya jioni.

Pili, tuanzie nyumbani. Sisi wa shule za kutwa tuna bahati hiyo: kila jioni twapimwa. Mtu anayefunga na kuomba huku mitungi ya mamake iko mitupu, maombi yake yana walakini. Chota maji kwanza, kisha ukaombe.

Tatu, tulipe madeni yetu. Kitabu cha maktaba ulichokificha, daftari uliloazima, ukweli uliomnyima mwalimu siku ya mtihani. Ahadi ni deni, na deni halifutwi kwa kuimba.

Nne, CU yenyewe ibadilike kidogo. Sadaka ihesabiwe na watu wawili na kuandikwa daftarini kila Ijumaa. Hili nimelisema mimi ninayejua sababu. Halafu Ijumaa moja kila mwezi tuache ukumbi, twende tukafanye kazi: kuwafundisha hesabu wale wa kidato cha kwanza, kumfagilia mgonjwa kiwanja. Wala tusirudi kutangaza gwarideni, kwani tulifundishwa kwamba mkono wa kushoto usijue unachotenda wa kuume.

Sitaki kumalizia kana kwamba mimi sasa ni mtakatifu. Juzi tu nilimjibu mama kwa ukali kwa sababu ya usingizi, nikalazimika kurudi jikoni kumwomba radhi. Lakini naona tofauti moja. Zamani nilikuwa nikianguka nangojea wikendi chalenji ijayo. Siku hizi nikianguka, nageuka hapo hapo.

Kuhusu zile pesa, kila Jumatatu na Alhamisi naamka saa kumi na nusu na kutembea asubuhi pia, nauli nikaitia katika mkebe mbele ya mweka hazina mpya. Nimefanya hivyo kwa majuma manne, nimerudisha shilingi 240. Zimebaki 80, yaani asubuhi tatu. Haba na haba hujaza kibaba. Nikimaliza, nitanunua chupa ya mafuta kwa pesa zangu mwenyewe, niipeleke kule kulikokuwa na matanga. Kwenda peke yangu naogopa. Lakini nimekwisha kuzoea kubisha milango.